Jiwe jekundu na madini ya unga, nimetumia yote mawili huku Chanika

Wafugaji wenzangu wa Dar, nina ng'ombe wanne, wawili wanakamuliwa, wanachungwa kutwa na jioni wanapata pumba kidogo. Kiangazi kilipokolea mmoja akaanza kutafuna mifupa, kamba, mpaka ndala za watoto, mwingine kamaliza miezi mitano tangu azae na joto, yaani dalili za kutaka dume, hajaonyesha. Nikadhani minyoo, nikawapa dawa, wapi.

Nikaenda duka moja la dawa za mifugo, jamaa akanipa jiwe jekundu la kulamba la kilo mbili, eti hili ndo lina madini yote we angalia tu rangi. Wamelamba mwezi mzima na bado mifupa wanaiokota. Siku nimekaa nikasoma lebo vizuri nikaumia sana, karibu lote ni chumvi ya kawaida na ule wekundu ni chuma, ambacho majani na udongo wetu mwekundu unacho tele. Fosforasi haikuandikwa kabisa! Na ng'ombe anayetafuna mfupa mara nyingi anatafuta hiyo hiyo fosforasi, kwa sababu majani yakikauka inapungua sana, halafu kila lita ya maziwa unayokamua inatoka na kama gramu 0.9 ya fosforasi na gramu 1.2 ya kalsiamu, sasa ukikamua lita nane kila siku atayarudisha kwa kula kitu gani? Tena mfupa wa mzoga unaweza kubeba sumu ya bakteria inayolegeza misuli mpaka mnyama anashindwa kuinuka.

Afisa mifugo wetu ndo akaniambia tafuta madini ya unga yenye DCP, yaani dikalsiamu fosfeti, inayobeba kalsiamu na fosforasi pamoja. Nikayapata Gongo la Mboto, na dada wa pale nampa nyota zote, kabla hata sijauliza bei kanionyesha kwenye mfuko kalsiamu ngapi, fosforasi ngapi, shaba, zinki, kobalti. Nawawekea wa maziwa kama gramu 100 kwa siku kwenye pumba wakati wa kukamua, maji yapo karibu muda wote. Wiki ya tatu hivi yule wa mifupa akaacha, wiki ya saba mwenzake akaonyesha joto, ingawa mvua zilishaanza na majani mabichi nayo yamesaidia, sifa zote siwezi kuyapa madini.

Ubaya wake ni bei, na huu unyevu wa Dar unayagandisha, mfuko ukifungua tu hamishia kwenye ndoo yenye mfuniko. Jiwe sijalitupa, bado nimewatundikia maana chumvi nayo wanaihitaji.

Jirani yangu alitaka nimgawie kidogo awape kondoo wake, nikamkatalia na hakupenda. Haya ya ng'ombe yana shaba nyingi, kondoo inamjaa kwenye ini taratibu huoni kitu, halafu siku moja anaanguka.