Senna ya Asif Kapadia: anza nayo hii, lakini uwe na hesabu mkononi

Dokumentari za madereva wa mbio za magari zimekuwa nyingi, na anayetaka kuzijua atauliza aanze na ipi. Jibu bado ni Senna ya mwaka 2010, kuhusu Ayrton Senna, dereva Mbrazili wa Formula 1 aliyefariki mbioni mwaka 1994, iliyoongozwa na Asif Kapadia na kuandikwa na Manish Pandey. Toleo lililoonyeshwa kwenye sinema lina dakika 106. Mwaka 2012 ilipata tuzo mbili za BAFTA, zile za filamu za Uingereza, ya dokumentari bora na ya uhariri. Hiyo ya uhariri ndiyo inayosema zaidi, maana filamu hii haikupigwa picha. Ilikatwa na kuunganishwa mezani, na kazi hiyo waliifanya Gregers Sall na Chris King.

Hutaona mzee ameketi kwenye kiti, taa imemulika uso, akikumbuka ya zamani. Alain Prost aliyekuwa mpinzani wa Senna, Ron Dennis mkuu wa timu ya McLaren, Frank Williams mkuu wa timu ya Williams, daktari wa mbio Sid Watkins na Viviane, dada yake Ayrton Senna, wote wanazungumza, lakini ni sauti tu. Machoni ni picha za wakati ule ule. Faida yake ni kubwa. Katika dokumentari ya kawaida rafiki wa marehemu hutoa machozi dakika ya tano, na kuanzia hapo unatazama msiba uliokwisha kutangazwa. Hapa mwaka 1984 ni 1984 kweli, na kijana aliye mbele yako hajui kesho yake. Wewe unaijua, na hapo ndipo moyo unapobanwa.

Hili liliwezekana kwa sababu watengenezaji waliruhusiwa kuingia kwenye hifadhi ya video ya Formula 1 yenyewe. Humo walikuta vikao vya madereva ambavyo mtazamaji wa televisheni hakuwahi kuonyeshwa. Vitazame kwa makini. Jean-Marie Balestre, rais wa shirikisho lililosimamia mbio wakati huo, anaamuru kama mwalimu mkuu wa shule, naye Senna anajenga hoja ya usalama hatua kwa hatua mpaka wenzake wanamuunga mkono. Hakuna mahojiano ya baadaye yanayoweza kukupa kitu kama hicho. Ukiwaza Safari Rally, uchungu unazidi. Shekhar Mehta aliishinda mara tano, 1973 na kisha 1979 hadi 1982 mfululizo, na ile ya 1973 aliipata baada ya kulingana pointi za adhabu na Harry Källström. Joginder Singh aliishinda mara tatu. Lakini njia ya maelfu ya kilomita za vumbi na tope haiwezi kuzungushiwa kamera kila kona kama uwanja wa Monaco, kwa hiyo filamu ya namna hii juu yao ingehitaji ufundi mwingine kabisa.

Usiitazame kwenye spika ya simu. Sauti ya injini ndiyo inayokueleza dereva anafanya nini, na picha kutoka ndani ya gari zimeachwa ziende bila muziki wala maelezo kwa muda wa kutosha. Mfano mzuri ni Interlagos, Machi 1991. Senna hakuwa amewahi kushinda nyumbani Brazil. Giaboksi ya McLaren yake ikaanza kufa: gia ya nne ikaondoka, nyingine zikafuata, akabaki na ya sita peke yake. Kuingia kona ya polepole kwa gia ya sita maana yake injini inashuka karibu kuzimika, gari halivutwi nyuma na injini, na kazi yote ya kupunguza mwendo inabaki kwenye breki na mikono. Riccardo Patrese alimaliza nyuma yake kwa chini ya sekunde tatu. Ukijua hayo, ile sauti ya redioni baada ya mstari wa mwisho, kelele nusu ya furaha nusu ya maumivu, utaielewa. Baba yake anapotaka kumkumbatia, Senna anamwomba amshike taratibu kwa jinsi mabega yalivyokaza.

Sasa kasoro, nayo si ndogo. Filamu inahitaji mpinzani, na mpinzani huyo imemfanya Prost. Hakuna uongo wa wazi. Kuna mambo yamepitwa haraka, na kila linalopitwa linamwonea mtu mmoja.

Monaco, 3 Juni 1984. Mvua kubwa, na Senna ndani ya gari dhaifu la timu ya Toleman ametoka nafasi ya 13 hadi ya pili, anamkaribia Prost. Mbio zinasimamishwa kwa bendera nyekundu na Prost anatangazwa mshindi. Mtazamaji anaondoka na picha ya Mfaransa aliyebebwa. Chukua kalamu. Kwa kuwa mbio zilikatizwa mapema, pointi zilitolewa nusu: Prost alipata 4.5 badala ya 9. Mwisho wa msimu huo alikosa ubingwa wa dunia kwa nusu pointi, ukaenda kwa Niki Lauda. Kama mbio zingeendelea na Senna akampita, Prost angepata 6 za nafasi ya pili na angekuwa bingwa. Bendera iliyodaiwa kumwokoa ndiyo iliyomgharimu. Tena, nyuma ya wote wawili Stefan Bellof alikuwa akija kwa kasi zaidi na gari la Tyrrell, akiwa ameanza wa mwisho kabisa.

Mwaka 1988 nao unahitaji kanuni yake. McLaren, ambayo sasa Senna na Prost waliiendeshea pamoja, ilishinda mbio 15 kati ya 16. Prost alikusanya pointi 105 na Senna 94, lakini bingwa akawa Senna, kwa sababu yalihesabiwa matokeo 11 bora tu: 90 kwa Senna, 87 kwa Prost. Senna alikuwa ameshinda mara nane, Prost saba. Bila kanuni hiyo huwezi kuelewa kwa nini Prost alianza kuhisi kwamba hesabu hazimpendi.

Suzuka, Japani, 1989 ndiyo roho ya filamu. Magari mawili ya McLaren, la Prost na la Senna, yanagongana kwenye zile kona mbili za kubana kabla ya mstari. Prost anashuka, Senna anasukumwa na wasimamizi, anatumia njia ya kutokea, anabadilisha pua ya gari, anampita Alessandro Nannini na kufika wa kwanza. Kisha anafutwa kwa kuikata kona. Hasira ya filamu hapa ni ya haki, maana adhabu ilikuwa nzito na maelezo yake hayakushawishi. Lakini inamwachia mtazamaji aamini kwamba ubingwa uliporwa siku ile. Prost alimaliza msimu na pointi 76 zilizohesabiwa, Senna 60. Mrudishie Senna zile 9 za Suzuka: zinakuwa 69, bado chini ya 76. Na Adelaide, Australia, mbio zilizofuata, aligonga gari la mbele yake kwenye mvua na hakumaliza.

Mwaka uliofuata, hapo hapo Suzuka, Senna aliomba nafasi ya kwanza ya kuanzia ihamishiwe upande wenye lami safi. Akakataliwa. Kuanzia upande mchafu kulimaanisha matairi kuteleza na Prost, sasa akiwa na Ferrari, kutangulia. Ndivyo ilivyokuwa, na kwenye kona ya kwanza Senna hakupunguza mwendo. Wote wakaishia kwenye mchanga na Senna akawa bingwa. Mahojiano na Jackie Stewart, bingwa wa zamani, ambaye anambana kwa maswali, ni kati ya dakika bora za filamu, na jibu la Senna, kwamba asiyejitosa kwenye nafasi iliyopo si dereva wa mbio tena, limekuwa kama usemi kwa madereva wote waliofuata. Pembeni yake weka jambo hili: Oktoba 1991, akiwa bingwa kwa mara ya tatu, Senna mwenyewe alikiri hadharani kwamba aliingia kona ile akiwa amekusudia kutompisha Prost. Kukiri huko kungemwonyesha mtu mkubwa zaidi kuliko huyu mwathirika wa Balestre. Ni pengo ninalolisikitikia.

Donington, Uingereza, 1993, ambako Senna alianza wa nne, akashuka hadi wa tano, na kabla ya mzunguko wa kwanza kwisha alikuwa anaongoza kwenye mvua, toleo la sinema halikuipa nafasi inayostahili. Miaka yake kwenye timu ya Lotus nayo inapita kama basi la haraka.

Imola, uwanja wa Italia alikopata ajali ya kifo chake, inachukua sehemu kubwa ya mwisho, na imeshughulikiwa kwa heshima. Ijumaa, 29 Aprili 1994, dereva Rubens Barrichello anaruka na gari na kunusurika. Jumamosi dereva mwingine, Roland Ratzenberger, anafariki. Sid Watkins anasimulia alivyomshauri Senna aache mbio, waende kuvua samaki. Jumapili unakaa ndani ya gari la Williams pamoja naye.

Ufundi wa ajali wenyewe umeguswa kidogo tu. Msimu huo saspensheni inayoendeshwa na kompyuta na mfumo wa kuzuia matairi kuteleza vilipigwa marufuku. Williams, timu ya Senna sasa, ilikuwa imejijenga juu ya vitu hivyo, na gari lake la mwaka huo, FW16, likatoka lisilotulia. Baada ya mgongano wakati wa kuanza, magari yalifuata gari la usalama hadi mzunguko wa tano, polepole mno. Tairi likipoa, upepo wake unapungua, gari linakaa chini zaidi, sakafu inagonga matuta ya lami, na hewa inayolivuta chini inakatika ghafla. Hiyo ni hoja moja, na wahandisi wengi wanaishikilia. Nyingine ni mhimili wa usukani uliokuwa umekatwa na kuunganishwa upya ili dereva apate nafasi. Mahakama ya juu ya Italia mwaka 2007 iliangukia hapo. Gari lilitoka njiani mzunguko wa saba kwenye kona ya Tamburello, na kipande cha saspensheni kikampiga kichwani. Ukuta ule ulikuwa karibu na njia kwa sababu nyuma yake unapita mto Santerno. Nelson Piquet alikuwa amegonga pale 1987, na Gerhard Berger 1989 gari likawaka moto. Filamu haiingii kwenye kesi, na kwa uamuzi huo naiunga mkono, kwani ingegeuka filamu nyingine.

Maandishi ya mwisho yanasema Watkins alipewa kazi ya kuboresha usalama na kwamba hakuna dereva wa Formula 1 aliyekufa tangu hapo. Yalikuwa kweli mwaka 2010. Jules Bianchi aligonga gari la kunyanyulia mizigo Suzuka Oktoba 2014 na kufariki Julai 2015.

Kuhusu toleo: lipo refu la dakika 162, ambalo nyuso za wahojiwa zinaonekana. Lina habari zaidi, lakini limerudi kuwa dokumentari ya kawaida. Tazama fupi kwanza, na refu uliache kwa wiki nyingine. Manukuu yawashe tangu mwanzo, kwa kuwa Kireno, Kifaransa na Kiingereza vinapishana. Baada yake, Schumacher ya 2021 inafaa kwa sababu Michael Schumacher alikuwa nyuma ya Senna siku ile ya Imola na ndiye aliyeshinda. Hiyo imetumia wahojiwa mbele ya kamera, pamoja na mkewe Corinna, na inapita haraka juu ya mataji ya 2001 hadi 2004. McLaren ya 2017, kuhusu Bruce McLaren aliyefariki Goodwood mwaka 1970, imejazia mapengo kwa waigizaji, nami hapo huwa inanipoteza.

Kama watoto wako sebuleni, jua kwamba ajali ya Ratzenberger imeonyeshwa wazi, na kichwa chake kinaonekana kimelala ndani ya gari lililopasuka ubavu.