Bosi alikuwa anatii kipochi: miezi minne ya kumfunza mbwa kwa vitafunwa

Siku moja nilinunua vitu viwili: pakiti ya vitafunwa laini vya kufunzia watoto wa mbwa, na kipochi cha zipu cha kufunga kiunoni ili vitafunwa vikae karibu. Bosi alikuwa na wiki tisa, meno kama sindano, na ujuzi wake wote ulikuwa kutafuna kamba za viatu. Sasa miezi minne imepita. Vitafunwa nitanunua tena. Kipochi kimetundikwa nyuma ya mlango, na sababu yake nitaieleza.

Nianze na vitafunwa. Pakiti imeandikwa kwamba vipande ni vya saizi ya mafunzo, lakini kila kimoja kilikuwa kama ukucha wangu wa dole gumba. Kwa mbwa mzima, sawa. Kwa kitoto cha wiki tisa hicho ni chakula cha kukaa chini na kula. Kwa hiyo kila asubuhi nakata kila kipande mara nne, vinabaki kama punje za njegere. Mbwa hana habari na ukubwa. Anahesabu mara ngapi amepata. Ulaini ndio ulionifurahisha zaidi. Niliwahi kujaribu aina ngumu za biskuti: zikivunjika chembe zinamwagika, mwanafunzi anashuka kunusa sakafu, na somo limeishia hapo. Hivi laini anameza mara moja na kuinua macho kudai kingine. Harufu yake, lakini! Vidole vyangu vilinuka mpaka usiku hata baada ya sabuni.

Wiki ya kwanza niliharibu. Alikuwa anajifunza haraka, nami nikapagawa na furaha, nikawa natoa tu. Siku ya nne akaanza kuhara. Daktari wa mifugo aliuliza swali moja, anakula nini kwa siku, na nilipoanza kuorodhesha nikaona aibu mwenyewe. Kanuni aliyonipa ni ile ambayo madaktari wengi wa wanyama huitumia: vitafunwa visizidi asilimia 10 ya nguvu anayoipata kwa chakula cha siku nzima, kwa sababu mtoto wa mbwa anajenga mifupa na anahitaji chakula kilichokamilika, sio peremende. Akaniongezea ujanja ambao umenisaidia kuliko chochote nilichonunua: nipime chakula chake kikavu asubuhi, nitoe kiganja kimoja, na hicho ndicho kiwe mshahara wa kazi nyepesi za ndani ya nyumba. Tumbo likatulia baada ya siku mbili.

Jambo lililonichukua muda kulielewa ni wakati wa kutoa. Nasema "keti", Bosi anaketi, mimi naanza kupekua kipochi. Kufika mkono mdomoni, yeye ameshasimama na mkia unapepea. Nimemlipa kwa kusimama! Tulirudia hivyo siku nyingi, nikimwita mkaidi, kumbe alikuwa anafanya kile hasa nilichomlipia. Mbwa anaunganisha tuzo na kitendo cha sekunde hiyo hiyo. Ukichelewa kidogo umeshafundisha kitu kingine. Dawa yake ni kuwa na neno moja fupi, langu ni "ndiyo!", linalotoka makalio yanapogusa sakafu, kisha kitafunwa kinafuata. Wapo wanaotumia kidude cha kubonyeza kinacholia "tik". Keller na Marian Breland, waliokuwa wanafunzi wa mwanasaikolojia Skinner, walikitumia kufunza wanyama tangu miaka ya 1940. Mimi mkono mmoja una kamba na mwingine una kitafunwa, kwa hiyo neno linanitosha.

Sasa kipochi. Zipu yake ina mlio, na baada ya wiki mbili Bosi akisikia mlio huo, hata akiwa usingizini chumba cha pili, anatokea huku mate yanadondoka. Mwanasayansi Mrusi Ivan Pavlov aliyachunguza mate ya mbwa namna hii. Tuzo ya Nobeli aliyopewa mwaka 1904, hata hivyo, ilikuwa kwa kazi yake kuhusu mmeng'enyo wa chakula. Mimi sikupewa tuzo yoyote. Nilipewa mbwa anayetii zipu. Nikivaa kipochi, alikuwa malaika: keti, lala, njoo, vyote. Nikikivua, nilikuwa naongea na ukuta. Mkono mtupu haulambwi, walisema wahenga, na Bosi aliielewa methali hiyo kabla yangu.

Mjomba alikuja kututembelea, akatazama dakika tano, akasema, "Mwanangu, huyo humfunzi, unamhonga." Niliudhika. Usiku nikakiri kwamba nusu ya maneno yake ni kweli. Hongo inaonyeshwa kabla ya kazi, mshahara unakuja baada ya kazi. Mimi nilikuwa nampungia kitafunwa puani ndipo naomba. Kumwongoza kwa kitafunwa puani kunafaa mara tatu nne za mwanzo ili aelewe unataka nini. Zaidi ya hapo, kitafunwa chenyewe kinageuka kuwa amri.

Nikabadilisha. Mkono ule ule, mwendo ule ule, lakini mtupu. Akiketi, "ndiyo!", na malipo yanatoka mahali asipopatarajia: mfukoni, juu ya kabati, kwenye kopo nililoficha nyuma ya pazia. Siku ya kwanza alininusa kiganja kwa dharau, akanigeuzia mgongo. Nikangoja. Akarudi, akaketi kwa shingo upande, kama mtu anayesaini mkataba asiouamini. Nikampa vipande vitatu mfululizo. Kwa mambo aliyokwisha kuyajua vizuri, sasa namlipa mara moja moja tu. Mara nyingine ni sifa na kukunwa kifua. Kwa kuwa hajui safari ipi italipa, anaketi zote.

Haja ndogo ilinipa somo lile lile kwa njia ya aibu. Nilikuwa nampa kitafunwa tukirudi mlangoni. Akagundua kwamba mlango ndio unaolipa, akawa anakojoa matone mawili nje, anakimbilia mlangoni, anakula, kisha anamalizia zuliani. Sasa nalipa pale pale kwenye nyasi, akishamaliza.

Kwa amri ya "njoo" sitegemei pakiti. Hapo natumia kuku wa kuchemsha asiye na mfupa, chumvi wala kitunguu, kwa sababu kuja kwangu lazima kushinde paka, mpira wa watoto na kila kinachonuka duniani. Na msimsikilize anayesema mpeni mbwa chochote mnachokula. Vitunguu na kitunguu saumu huharibu chembe nyekundu za damu yake, zabibu mbichi au kavu zinaweza kuua figo, chokoleti ni sumu, na sukari bandia iitwayo ksilitoli, ambayo imo hata katika baadhi ya siagi za karanga, inaweza kushusha sukari ya damu yake ghafla. Soma lebo.

Kuna mahali vitafunwa vilishindwa kabisa. Nilipompeleka kuchanjwa nilibeba kuku, nikijua nimejipanga. Alimtazama kuku kana kwamba ni jiwe, mkia katikati ya miguu, anatetemeka. Mbwa mwenye hofu kubwa mara nyingi hakubali kula. Tangu siku hiyo, akikataa kitafunwa mahali fulani, sisisitizi. Nasogea naye mbali mpaka aweze kula, ndipo tunaanza kusogea tena taratibu. Kung'ata vidole kulikwisha nilipoacha kushika kipande kwa ncha za vidole na kukiweka kwenye kiganja kilichokunjuliwa. Ngumi ikibaki imefungwa mpaka aache kuparura, anajifunza subira pia, ingawa kucha zake ziliniachia alama.

Malalamiko yangu ya mwisho ni kifungio cha pakiti. Kinaacha kushika baada ya wiki moja, vitafunwa vinakauka na kuwa kama kokoto, kwa hiyo nahamishia vyote kwenye kopo lenye mfuniko wa kuzungusha siku ile ile ninayofungua. Pakiti ya pili ilipoisha niliitupa juu ya takataka bila kufikiri. Nikasikia viti vinagongwa sebuleni: Bosi, kichwa kizima ndani ya pakiti, anarudi kinyumenyume, na kila akivuta pumzi plastiki inamnata puani. Niliichana kwa mikono. Mbwa hufa hivyo, kimya kimya, kwenye mifuko ya vitafunwa. Siku hizi pakiti ikiisha naikata pande zote ifunguke kama karatasi, ndipo naitupa.