Programu ya namba za dharura ugenini: nyota tatu kati ya tano

Programu hii nimeitumia Dubai, Muscat, Guangzhou na Istanbul, kwenye Android na kwenye iPhone. Kazi yake ni moja: ukifika nchi ya watu ikuonyeshe namba ya polisi, ya gari la wagonjwa, ya zimamoto na ya ubalozi wako, na ukibonyeza ipige. Jina lake naliacha, kwa sababu nyingi za aina hii zimejengwa kwa mtindo uleule na zinakosea palepale.

Nianze na inachokifanya vizuri, yaani orodha yenyewe. Wasafiri wengi wanaamini 112 inamaliza kila kitu. Ulaya inamaliza, Uturuki pia, na India nayo imeunganisha huduma zake kwenye 112, ingawa majimbo mengi bado yana 108 kwa gari la wagonjwa. Ghuba ni hesabu nyingine. Falme za Kiarabu, polisi ni 999, gari la wagonjwa 998, zimamoto 997. Vuka mpaka uingie Saudia: 997 ndiyo gari la wagonjwa la Hilali Nyekundu, na 998 ndiyo zimamoto. Namba ni zilezile, kazi zimebadilishana. Aliyekariri za Dubai akaenda nazo Umra atawaita zimamoto waje kwa mgonjwa wa kisukari. Juu ya hapo, Makka na Riyadh zimewekwa chini ya namba moja, 911. Oman wao wana 9999 kwa kila kitu. Programu hii imezipata zote, na Saudia imeigawa kwa mikoa. Mbili nyingine nilizozijaribu zimeandika namba moja kwa nchi nzima, basi. Kwa hilo peke yake inastahili nafasi kwenye simu.

Sasa kasoro, na hii kubwa nitaieleza kwa urefu kwa sababu haionekani mpaka uwe umeshafika.

Programu inabahatisha uko nchi gani kwa kuangalia anwani yako ya intaneti. Nyumbani inapatia. Lakini ukiwa nje kwa rominga ya laini yako ya Tanzania au Kenya, data yako kwa kawaida husafiri kwanza mpaka kwenye mitambo ya mtandao wa nyumbani, ndipo itoke kwenda duniani. Kwa hiyo umesimama Deira, mtaa wa Dubai, programu inakuonyesha namba za Dar es Salaam. Ukitumia eSIM ya wasafiri, yaani laini inayopakuliwa bila kadi, ni vituko zaidi, maana anwani inaweza kuonekana ya nchi ambayo hujawahi kuikanyaga. VPN, yaani huduma inayoficha anwani yako ya intaneti, nayo ni hivyohivyo. Dawa ipo: fungua mipangilio, zima kuchagua nchi kwa intaneti, washa mahali kwa GPS, halafu bandika nchi mwenyewe kwa mkono na uiache hapo. Hiyo ya mwisho ndiyo ninayoiamini. Hata kusoma minara ya simu kuna mtego wake. Al Ain na Buraimi ni miji iliyoshikana, mmoja Falme za Kiarabu na mwingine Oman, na simu inaweza kunasa mnara wa upande wa pili bila wewe kuvuka chochote.

Kasoro ya pili ni ya kizembe. Toleo nililonalo linaweka msimbo wa nchi mbele ya namba fupi: badala ya 9999 linapiga +968 9999. Simu haiendi. Namba fupi huishi ndani ya mtandao wa nchi husika tu, haina anwani ya kimataifa. Kabla ya kuhitaji msaada, gusa namba mara moja uone inavyotokea kwenye kibao cha simu, bila kupiga. Ukiona alama ya kujumlisha mbele ya namba fupi, ihifadhi mwenyewe kwenye majina ya simu bila hicho kiambishi. Kwa sababu hiyohiyo, ndugu yako akipata ajali Muscat na wewe uko Mombasa, kupiga 9999 ni kazi bure. Unahitaji namba ndefu ya hospitali au kituo cha polisi cha kule, ile yenye +968.

Kuna jambo programu haikuambii kabisa, nalo lina uzito kuliko rangi za vitufe vyake. Viwango vya simu za mkononi vinaitaka kila simu itambue 112 na 911 kuwa za dharura. Ukipiga hizo, simu inatafuta mnara wowote ulio karibu, hata wa kampuni ambayo laini yako haina mkataba nayo, na salio haliulizwi. Lakini 998 iliyopigwa kwa laini ya kigeni inaweza kuchukuliwa kama simu ya kawaida, kama simu yako haikupewa orodha ya namba za dharura na mtandao wa pale. Hapo rominga ikiwa imezimwa au vocha imeisha, umekwama. Kwa hiyo namba ya nchi ikigoma, jaribu 112. Na usidanganyike kwamba simu isiyo na laini inatosha: Ujerumani na Uingereza hawapokei simu ya dharura kutoka kwenye simu isiyo na laini.

China inahitaji maandalizi yake. Polisi 110, gari la wagonjwa 120, zimamoto 119. Ramani ya programu inategemea Google, ambayo China imeifungia, hivyo kwa WiFi ya hoteli Guangzhou unapata karatasi nyeupe. Kwa rominga ya nyumbani inafunguka, kwa ile njia ndefu niliyoieleza. Pakua programu na kifurushi cha nchi, yaani namba zake za kusomeka bila intaneti, ukiwa bado nyumbani, kisha kijaribu: weka simu kwenye hali ya ndege, funga programu kabisa, fungua tena. Namba zikionekana, umemaliza. Gurudumu likizunguka tu, ujue kifurushi hakikushuka. Mara nyingi ni kwa sababu upakuaji ulisimama skrini ilipozimika.

Kitu nilichokipenda kuliko nilivyotarajia ni kadi ya kuonyesha: sentensi kubwa kwa lugha ya pale, kwamba unahitaji gari la wagonjwa au polisi. Anayepokea simu huenda haelewi Kiingereza chako, lakini mlinzi wa hoteli ataisoma na kupiga yeye. Iongezee anwani ya hoteli kwa herufi za Kichina, nakili kutoka kwenye kadi ya mapokezi. Kwa Kiarabu, hata bila kadi, maneno mawili yanakufikisha mbali: isaaf kwa gari la wagonjwa, shurta kwa polisi.

Ukurasa wa balozi ni dhaifu. Namba zipo, saa za kazi ni za kubuni. Falme za Kiarabu walihamisha wikendi kwenda Jumamosi na Jumapili tangu Januari 2022, Ijumaa ikawa nusu siku. Oman bado wanapumzika Ijumaa na Jumamosi. Programu imewaweka wote kapu moja. Piga ubalozini kabla ya safari, uulize namba ya ofisa wa zamu baada ya saa za kazi, uiandike kwenye sehemu ya maelezo binafsi. Uelewe pia unampigia kwa lipi: pasipoti ikipotea, ubalozi hukusaidia kupata hati ya dharura ya safari, lakini bili ya hospitali si kazi yao, ni ya bima. Namba ya bima nayo iweke ile inayoanza na +. Zile za bure za 0800 kwa kawaida hazipigiki ukiwa nje.

Kitufe cha kupiga ubalozi kwa intaneti kisahau ukiwa Dubai, simu za WhatsApp zimezuiwa huko kwa muda mrefu.

Toleo la kulipia sioni sababu yake. Kinachouzwa ni kuondoa matangazo, na tangazo juu ya namba ya gari la wagonjwa halikupaswa kuwepo tangu mwanzo. Kundi la damu, dawa na mzio viandike kwenye taarifa za dharura za simu yenyewe, si humu, kwa kuwa zile husomeka skrini ikiwa imefungwa na hizi hazisomeki. iPhone pia ina njia ya mkato: shikilia kitufe cha pembeni pamoja na cha sauti, buruta alama ya dharura, nayo inapiga namba ya nchi uliyopo. Programu hii naibakiza kwa sababu ya orodha ya Ghuba na ile kadi. Wakiondoa +968 mbele ya 9999, naongeza nyota ya nne.