Saanane: nendeni kwa ajili ya mawe na maji yake

Wageni wangu wakifika Mwanza swali ni lile lile: kisiwa cha Saanane kina nini? Anayetaka simba na tembo namwelekeza lango la Ndabaka, Serengeti si mbali. Saanane inamfaa mtu asiye na haraka.

Boti inaondokea Capri Point na ndani ya dakika kama 10 umeshuka kisiwani. Mzee Saanane Chawandi, ambaye kisiwa kina jina lake, aliishi hapa kabla ya serikali kupafanya bustani ya wanyama mwaka 1964. Hifadhi ya Taifa imekuwa mwaka 2013, na ni ndogo kweli: kilomita za mraba 2.18, maji yakiwemo.

Hayo maji ndiyo yaliyonivuta. Kwingine ziwani kokoro, ule wavu wa kukokota, linakwangua mpaka mchanga wa ufukweni, mazalia yote yanaondoka nalo. Hapa kuvua ni marufuku, kwa hiyo sato anapata pa kutagia, kisha jike anayatunza mayai mdomoni mpaka yaanguliwe. (Ndiyo, nawala sana. Ndiyo maana nataka wazaliane.) Chini ya mawe pia ni kimbilio la furu, wale samaki wadogo wa ziwa letu. Sangara alipoletwa miaka ya 1950 aliwamaliza furu wengi wa maji ya wazi, lakini wale wa miambani walisalimika zaidi, kwa kuwa sangara mkubwa hapenyi kwenye nyufa.

Juu ya mawe utawaona pimbi wakiota jua, na yule mjusi dume mwenye kichwa na mabega ya waridi na mwili wa bluu. Jina lake la kisayansi ni Agama mwanzae, yaani mji wetu umo humo! Jike ni wa kahawia, usipoangalia vizuri unamruka. Swala pala na tumbili wapo, nao hawajifichi. Mnandi, ndege wavuvi, wanaanika mabawa yao kando ya maji.

Nendeni asubuhi, maana mchana granaiti inachoma, na vaeni viatu visivyoteleza. Kule juu kwenye miamba mji wote unauona.

Nyota 4 kati ya 5. Moja nimeizuia kwa sababu ya kundi la wageni wenzangu waliokuja na spika kubwa, pimbi wote wakaingia mashimoni.