Shelfu ya mtumba yenye vijumba 8: mwaka mmoja na nusu baadaye

Shelfu hii niliinunua kwa hasira. Asubuhi moja watoto watatu walichelewa shule kwa sababu ya kiatu kimoja cha mguu wa kushoto, ambacho tulikuja kukipata ndani ya sufuria, chini ya meza. Kilifikaje huko sikuuliza. Kufika jioni nilikuwa nimeshampata mtu anayehama, anauza shelfu ya wazi yenye vijumba 8, safu mbili za vinne vinne, kwa theluthi ya bei ya mpya. Mume wangu akaibeba vipande vipande. Mama mkwe alipoiona imesimama sebuleni akaizunguka mara moja, akasema, "Mwanangu, hili tundu la njiwa mmelilipia pesa?" Tangu siku hiyo jina lake ndani ya nyumba ni Njiwa.

Kwanza tujue ni kitu gani. Ni chipibodi, yaani chembe za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi kisha zikavishwa ngozi nyembamba inayoigiza mbao. Muuzaji akikwambia ni mbao tupu, pitisha kidole kwenye ukingo wa nyuma, mahali ngozi haikufika, utauona ukweli. Urefu wake ni sentimita 147, upana 77, na kila kijumba ni 33 kwa 33. Haina milango wala mgongo. Hilo la milango ndilo lililonifanya niichukue. Kabati letu la zamani lina milango, na kazi ya milango kwetu ilikuwa kuzuia vitu visituangukie.

Kuifunga kulituchukua usiku mzima, na kosa si la shelfu peke yake. Ya mtumba huja imeshafunguliwa mara moja au mbili, na chipibodi haina subira ya mbao. Skrubu ikitoka na kurudi tundu lilelile, chembe zinaliwa na inabaki kuzunguka bure. Matundu matatu yalikuwa yamechoka hivyo. Nilivunja njiti za kiberiti, nikazipaka gundi ya mbao, nikazishindilia tunduni na kuziacha mpaka asubuhi, ndipo nikarudisha skrubu. Zimeshika mpaka leo. Ila ubao mmoja niliugeuza nyuma mbele bila kujua, na nilipogundua nilikuwa nimeshakaza kila kitu. Kwa hiyo Njiwa ana ukingo mmoja uchi unaotazama sebule, rangi ya uji. Kila mgeni anauona. Mimi nimeshaacha kuuona.

Ukinunua ya mtumba, mwombe mwenye nayo asiifungue kabla hujafika. Itikise ikiwa imesimama. Ikiyumba kushoto na kulia kama mlevi, viungo vimekwisha. Halafu piga picha ya kila kiungo wakati inafunguliwa, maana ile karatasi ya maelekezo huwa ilishapotea zamani, na skrubu mbili huwa zimeifuata.

Sasa ukutani. Hapa sina mzaha. Wiki ya kwanza nilimkuta kitindamimba wangu amesimama kwenye kijumba cha pili, mkono mmoja juu, kama anayepanda ngazi. Na kweli ni ngazi, ukiitazama kwa jicho la mtoto wa miaka mitatu. Mwaka 2016 kampuni ya samani ya IKEA iliita yarudishwe takriban makabati milioni 29 ya droo huko Marekani baada ya watoto kufa kwa kuangukiwa, na tatizo lilikuwa hilihili: kabati halijafungwa ukutani, mtoto anavuta au anapanda, linakuja naye. Shelfu yangu haina droo, lakini urefu unao na mtoto ninaye. Vyuma viwili vya pembe juu, plagi za ukutani, skrubu ndefu, pimamaji kuhakikisha haijainama. Kazi ya nusu saa kwa mwenye drili. Kama nyumba ni ya kupanga na mwenye nyumba hataki kuta zitobolewe, basi ilaze ubavuni. Itakuwa fupi, pana, na utapata pa kuweka televisheni au taa juu yake.

Hasara kubwa niliyopata ni makasha. Nilipima kijumba vizuri kabisa, 33, nikaenda nikachagua makasha 8 ya plastiki yaliyoandikwa 32. Nyumbani hayakuingia. Kumbe kasha la plastiki linapanuka kwenda juu ili yaweze kupachikana dukani, na ile 32 ilikuwa ya kitako. Mdomo ulikuwa 35. Nilikaa sakafuni na lile rundo la makasha nikacheka, maana nilikuwa nimetumia juu yake pesa nyingi kuliko niliyotoa kwa shelfu yenyewe, na sasa nilikuwa nimeongeza vitu 8 vikubwa kwenye nyumba niliyotaka kuipunguzia vitu. Mama mkwe aliyachukua matano bila kuulizwa. Anayo mpaka leo, na yamejaa makopo matupu ambayo siku moja yatahitajika.

Badala yake nilitumia maboksi ya karatasi ngumu niliyoomba bure dukani, nikayakata mdomo na kuyavika mabaki ya kitambaa. Hayadumu. Miezi sita hivi, pembe zinalegea, nakata mengine. Ukiwa na pesa, nunua ya kitambaa yenye kishikio mbele, na pima mdomo, usipime kitako.

Na vifuniko, achana navyo. Kasha lenye kifuniko linamtaka mtoto afanye mambo matatu: avute, afunue, atie. Mwanangu hufanya jambo moja: hutupa. Kasha lililo wazi, kwenye kimo cha kiuno chake, lina nafasi ya kutupiwa soksi. Lenye kifuniko litawekewa soksi juu ya kifuniko. Nililiona hilo kwa macho yangu siku nne mfululizo ndipo nikaviondoa. Vifuniko vya yale makasha matatu yaliyobaki sasa ni sinia za viatu vyenye tope, mlangoni, na kwa kazi hiyo navipa nyota tano.

Alama za kuonyesha kipi kinakaa wapi niliandika mimi, kwa maka peni, hati nzuri kabisa. Hakuna aliyezisoma. Binti yangu wa kati akachora za kwake: soksi zake zinafanana na samaki wawili waliogombana, na kijumba cha vitu vya kuchezea kina kitu ambacho yeye anajua ni gari. Kwa ndugu zake zinatosha. Mdogo hajui kusoma lakini anajua "pale kwenye samaki."

Mpaka hapa utadhani nyumba imetulia. Nusu yake, ndiyo. Ilinichukua miezi kuelewa kwa nini ni nusu tu. Nyumba yetu ina vurugu za aina mbili. Kuna vitu vinavyohama: mabegi ya shule, viatu, sweta, chaja, mipira, kile kikombe cha penseli. Vinatoka asubuhi na kurudi jioni, na vikirudi vinatua popote penye uwazi. Hivyo Njiwa anavimeza vizuri ajabu. Kila mtoto ana kijumba chake, mkubwa juu, mdogo chini, na begi likirudi linakwenda lenyewe. Tangu tuipate hatujachelewa tena kwa sababu ya kiatu. (Kwa sababu nyingine, tumechelewa.)

Halafu kuna vitu vinavyokaa: karatasi, vyeti, nguo zilizowapita watoto, vitabu vya darasa la mwaka juzi, nyaya za vifaa tusivyokuwa navyo tena. Hivi havitaki shelfu ya wazi. Ukiviweka humo vinajaza kijumba, vinakaa, na baada ya wiki mbili jicho linavizoea kama lilivyouzoea ule ukingo wangu wa rangi ya uji. Vile vinavyohama vinakosa pa kutua, vinarudi sakafuni. Vijumba vitatu vilinifia hivyo.

Tena vitu hivyo ni vizito. Shelfu za namna hii kwa kawaida zinapangiwa kama kilo 13 kwa kijumba. Nilikuwa nimejaza kimoja mafaili, ukuta hadi ukuta, na hesabu yake ni nyepesi: bunda la karatasi 500 za A4 lina kilo mbili na nusu na unene wa sentimita tano hivi. Kijumba cha sentimita 33 kinameza mabunda sita. Hizo ni kilo 15, kabla hujahesabu majalada. Ubao haukuvunjika, ila ulianza kutabasamu, ukipinda katikati, na ubao wa kusimama pembeni yake ukaachia upenyo unaopitisha kadi ya benki. Nilitoa mafaili, lakini tabasamu halijaondoka. Chipibodi ikishapinda kwa muda mrefu haijinyooshi.

Adui mwingine ni maji. Tunadeki kila siku, na dekio linagusa ukingo wa chini kila siku. Mwezi wa tano ukingo ukaanza kuvimba kama mkate uliolowa, ngozi ikabanduka. Palipovimba hapatibiki. Nilichoweza ni kuzuia usiendelee: nilikata ndala mbili kuukuu vipande, nikafungua vyuma vya ukutani, mume wangu akainua upande huu na mimi upande ule, tukaipa miguu ya ndala sentimita moja na nusu, tukaifunga tena ukutani. Ningefanya hivyo siku ya kwanza ingekuwa nzima mpaka leo. Pia ningeupaka ule ukingo uchi vanishi au hata gundi ya mbao, maana maji hupenya palipo wazi.

Nyota? Tatu na nusu kati ya tano. Moja imekatwa na maji, nusu imekatwa na lile tabasamu. Kwa nyumba yenye watoto wa shule na pesa ya kuhesabu, ningeinunua tena, ya mtumba hivyohivyo, na makasha ningeyanunua mwezi mmoja baadaye, nikishaona kinachotua wapi. Kwa anayetafuta pa kuweka vitabu au mafaili, nenda kwa fundi seremala akutengenezee ya plaiwudi nene, fupi, yenye nguzo za karibu karibu. Na kama shida yako ni nguo za kuhifadhi, boksi chini ya kitanda litakufaa zaidi.

Karatasi zetu bado hazijapata kwao. Kwa sasa ziko ndani ya begi la safari, juu ya kabati lenye milango. Mama mkwe amependekeza tuzitie kwenye moja ya makasha yake, akisharidhika na jinsi ya kuyapanga yale makopo.