Riwaya za picha kwa watu wazima: ipi uinunue kwanza, ipi isubiri

Mtu mzima anayetaka kununua riwaya ya picha, yaani hadithi ndefu inayosimuliwa kwa michoro, kwa mara ya kwanza, na ambaye mfuko wake unaruhusu kitabu kimoja au viwili tu, kwa kawaida huanza na mashujaa wa Marekani kwa sababu ndio anaowajua kutoka kwenye filamu. Mimi humshauri aanze kwingine. Hadithi nyingi za mashujaa hao zimeendelea kwa miongo mingi, zimepita mikononi mwa waandishi na wachoraji wengi, na anayenunua toleo moja la katikati hujikuta amenunua sehemu ya habari ambayo mwanzo wake hakuuona na mwisho wake haupo. Kwa pesa hiyohiyo unaweza kupata kazi iliyokamilika, yenye mwanzo na mwisho.

Kabla ya kulipa, fungua ukurasa wowote wa katikati, uyaache maneno yaliyo ndani ya viputo, na ufuate picha peke yake kutoka fremu moja hadi nyingine. Ukiweza kutambua ni nani anayemwogopa mwenzake, nani ana haraka na nani anaficha jambo, basi mchoraji anaijua kazi yake. Ukiona vichwa tu vinavyozungumza, picha baada ya picha, afadhali ununue riwaya ya kawaida. Kwa kipimo hicho ndicho nilichopanga vitabu vinavyofuata, na vyote vinapatikana kwa Kiingereza.

Nafasi ya kwanza naipa Aya, kazi ya Marguerite Abouet, aliyezaliwa Abidjan mwaka 1971, na mchoraji Mfaransa Clément Oubrerie. Kitabu cha kwanza kilitoka Ufaransa mwaka 2005, na mwaka uliofuata kikapata tuzo ya kazi ya kwanza katika Angoulême, tamasha la vitabu vya katuni la Ufaransa. Tupo Yopougon, mtaa wa watu wa kawaida jijini Abidjan, mwishoni mwa miaka ya 1970. Aya ana umri wa miaka 19 na anataka kusomea udaktari, baba yake anafanya kazi katika kampuni ya bia na ana mipango mingine juu yake, na rafiki zake Adjoua na Bintou mawazo yao yote yako kwenye muziki na wavulana. Hakuna vita wala njaa. Kuna wazazi wanaogombana, mimba isiyotarajiwa, tajiri anayemlinda mwanawe asiye na faida, na uwanja wa soko ambao usiku unageuka kuwa mahali pa wapenzi kukutana, nao vijana wenyewe wameupachika jina la hoteli ya nyota elfu. Msomaji aliyekulia uswahilini, iwe ni Temeke, Majengo au Kisauni, hatahitaji kuelezwa kwa nini mama mmoja akisikia jambo asubuhi, mtaa mzima unalijua kabla ya adhuhuri.

Uchoraji wa Oubrerie ndio ulionifanya nikiweke kitabu hiki mbele ya vile vyenye sifa kubwa zaidi duniani. Mistari yake ni ya haraka, lakini mikao ya watu ni sahihi kabisa: namna binti anavyoweka mkono kiunoni anapokasirika, namna mzee anavyokaa kitini akijua wageni wanamtazama, namna kitambaa kinavyofungwa upya katikati ya mazungumzo. Vitabu sita vya kwanza vimekusanywa kwa Kiingereza katika mijalada miwili, wa kwanza ukiitwa Aya: Life in Yop City na wa pili Aya: Love in Yop City. Nunua ule wa kwanza. Ukurasa wa ziada wenye mapishi au maelezo ya maneno ya mtaani ya Abidjan usiuruke, kwa maana umeandikwa kwa uchangamfu uleule wa hadithi yenyewe.

Nafasi ya pili ni ya Maus ya Art Spiegelman, na najua wapo watakaosema ilistahili ya kwanza. Sehemu yake ya kwanza ilichapishwa kama kitabu mwaka 1986, ya pili mwaka 1991, na mwaka 1992 ikapewa tuzo maalumu ya Pulitzer, tuzo ya Marekani ya uandishi. Spiegelman anasimulia jinsi baba yake, Vladek, Myahudi wa Poland, alivyonusurika Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, na papo hapo anaonyesha jinsi ilivyo vigumu kuishi na mzee huyo mbahili na mkali mjini New York. Wayahudi wamechorwa kama panya, Wajerumani kama paka, Wapoland kama nguruwe. Mtu akisikia hivyo hudhani ni kitabu cha watoto, kumbe mbinu hiyo ndiyo inayobeba uzito wote wa habari. Panapokuwa na Myahudi anayejifanya Mpoland ili apite barabarani, anavaa kinyago cha nguruwe chenye kamba nyuma ya kichwa, na msomaji anaiona ile kamba na hofu inamwingia bila neno lolote kusemwa. Kuna fremu nyingine ambamo Vladek na mkewe Anja wanatembea wasijue pa kwenda, na njia panda iliyo mbele yao imechorwa kwa umbo la swastika, msalaba uliopinda wa Wanazi. Popote watakapogeukia, bado wamo ndani yake.

Kinunue katika jalada moja lenye sehemu zote mbili, kwa sababu sehemu ya kwanza inakomea mahali ambapo hakuna msomaji anayeweza kuridhika. Kitabu ni cheusi na cheupe na ukubwa wake ni wa wastani, nalo si kasoro, kwani Spiegelman aliichora kwa ukubwa uleule ambao ungechapishwa. Nimekiweka cha pili kwa sababu moja tu: ni kizito moyoni, na mtu anayejifunza kusoma aina hii ya vitabu anahitaji kwanza kuionja furaha yake.

Cha tatu kinatuhusu moja kwa moja. Madame Livingstone kimechorwa na Barly Baruti, Mkongo aliyezaliwa Kisangani, akishirikiana na mwandishi Mfaransa Christophe Cassiau-Haurie, na kilitoka kwa Kifaransa mwaka 2014 kabla ya kufasiriwa kwa Kiingereza. Ni wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Rubani Mbelgiji anafika Ziwa Tanganyika kwa kazi ya kuizamisha meli ya Kijerumani Graf von Götzen, na anayemwongoza ni chotara anayevaa sketi ya Kiskoti na kujiita mwana wa David Livingstone. Meli hiyo si ya kubuni: ilitengenezwa Papenburg, ikaletwa kwa vipande na kuunganishwa Kigoma, Wajerumani wenyewe wakaizamisha mwaka 1916, Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na tangu 1927 ikaitwa Liemba, jina ambalo abiria wa Kigoma, Kasanga na Mpulungu wanalifahamu vizuri. Baruti analichora ziwa kama mtu anayelijua. Ukilinganisha na Tintin nchini Kongo ya Hergé, mchoraji Mbelgiji ambaye hakuwahi kukanyaga Kongo, utaona tofauti kati ya kumchora Mwafrika na kuchora dhana ya mtu juu ya Mwafrika. Hicho cha Hergé usikinunue, hata kama muuzaji atakuambia toleo la rangi la mwaka 1946 lilipunguzwa makali. Lilibadilisha somo ambalo Tintin anawafundisha watoto wa Kongo darasani, halikubadilisha midomo na macho waliyochorewa Waafrika.

Cha nne ni Persepolis cha Marjane Satrapi, kuhusu utoto wake Tehran baada ya mapinduzi ya Iran ya mwaka 1979, kuishi kwake Vienna peke yake akiwa kijana mdogo, na kurudi kwake nyumbani. Michoro ni myeusi na myeupe bila kivuli, rahisi kufuata, na Kiingereza chake ni chepesi kuliko cha vitabu vingine hapa. Nusu ya kwanza inanivutia zaidi ya ya pili. Chagua toleo kamili la jalada moja.

Watchmen ya mwandishi Alan Moore na mchoraji Dave Gibbons, hadithi inayowahoji mashujaa wenyewe, iliyotoka kwa matoleo 12 mwaka 1986 na 1987, naiweka ya tano. Kwa ufundi haina mpinzani: kurasa zimejengwa juu ya gridi ya fremu tisa, na sura ya tano imepangwa ili kurasa za mwanzo na za mwisho zitazamane kama kwenye kioo. Hata hivyo, karibu kila sura inafuatwa na kurasa za maandishi matupu kwa herufi ndogo, na mengi inayoyapinga yanamhitaji msomaji aliyekwisha kuwazoea mashujaa. Isubiri mwaka wako wa pili.

Kuhusu namna ya kununua, jalada laini linatosha, na ni jepesi kusafirisha. Kitabu kinene kifungue katikati uangalie kama mshono umemeza picha za ukingoni. Nakala za kurudufu, zinazouzwa kwa bei ya kutupa, hufifisha mistari myembamba na kuchafua rangi. Kwa Persepolis hasara si kubwa sana, lakini kwa Baruti utakuwa umenunua nusu ya kazi. Ukisoma kwenye simu, ukurasa unalazimika kukatwa vipande, na gridi ya Gibbons haivumilii hilo.

Anayetaka Kiswahili atafute Abunuwasi cha mchora katuni Gado, kilichochapishwa Nairobi mwaka 1996 na kampuni ya Sasa Sema. Ukikikuta kwenye meza ya vitabu vya mtumba, hakikisha kurasa zote zimo, kisha kichukue.