Eti babu yetu anaitwa Ignoto!

Jamani, hii kampuni ya kutafutia watu mababu zao wameniliza, halafu wamenichekesha, halafu wameniliza tena. Kazi niliyowapa ilikuwa moja tu. Babu wa baba yangu alibatizwa akiwa kichanga huko Ungoni mwaka 1907, vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani vimekwisha, njaa bado inaua watu. Kuanzia kwake kushuka chini tunajuana wote. Kupanda juu, giza. Na cheti cha kuzaliwa cha Mjerumani kwa mtoto wa Kiafrika usihangaike nacho; kilichopo ni vitabu vya ubatizo vya misheni, tena kwa Kilatini.

Pesa nikatuma. Kimya, wiki baada ya wiki. Kisha wakaniletea mti wa ukoo, una majani ya kijani na fremu ya dhahabu. Kileleni, kwa herufi nene: IGNOTO. Baba alifurahi mno, akaanza kumwita mwanangu jina hilo. Mimi nikamwonyesha padri mmoja mstaafu picha ya ukurasa wenyewe wa kitabu cha ubatizo. Akaguna. "Mwanangu, *patre ignoto* maana yake baba hajulikani."

Nikapiga simu nimechemka. Kijana akanijibu: "Dada, sisi ndio wataalamu. Kama jina hulitaki tutalifuta, ila kufuta kuna malipo yake." Malipo! Ya kumfuta mtu ambaye hajawahi kuwepo!

Nilikuja hapa kuwapa nyota moja, kwa kuwa sifuri haiwekeki. Lakini ile picha ya ukurasa, waliyoitupia mwisho wa barua pepe kama nyongeza ya muuza nyanya, ina jina la mama wa yule mtoto aliyebatizwa. Wino wa kahawia, herufi ya mwisho imeliwa na mchwa. Nyumbani kwetu hakuna aliyekuwa akilijua. Shangazi alilisoma mara tatu, akatoka nje.

Na huyo "asiyejulikana", siamini kwamba mkewe hakumjua. Februari 1906 Wajerumani walimnyonga Nkosi Mputa Gama, chifu wa Wangoni, na wenzake pale Songea. Mwaka mmoja tu umepita, una kichanga mgongoni, utamtajia mzungu mwenye kalamu mume aliyeshika mkuki?

Basi nyota tatu, zote za aliyepiga ile picha. Kijana wa simu hana hata nusu. Jina nimelifuta mwenyewe, bure, kwa kalamu ya shule. Ila baba hasikii, bado anaita: "We Ignoto, njoo ule!"